Rehani ya Majina ya Jirani

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinamkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdaiwa ili ajichukulie rehani. Asimame nje, naye mdaiwa amletee rehani hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Na ikiwa ni nguo ya maskini, irudishwe jua linapokuchwa, apate kulala ndani yake. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji wa zamani, lakini ilitambua jambo ambalo wakopeshaji wa siku hizi wanajifanya hawalijui: maskini naye ana mlango, na deni si ufunguo wa mlango huo.

Tunasema juu ya mikopo ya simu, ile ambayo wananchi wameiweka katika fungu moja na mikopo mingine ya riba kubwa na kuiita yote kausha damu. Hatuilaumu simu yenyewe. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, bibi kijijini hupokea fedha ya dawa siku ileile mwanawe anapoituma kutoka mjini, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Tunalolipinga ni hili: programu ya mkopo, kabla haijatoa hata shilingi moja, huomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji. Mama ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule hana nafasi ya kutafakari. Hubonyeza "Kubali".

Tuchukue mfano. Ameomba shilingi 50,000. Zinakatwa 15,000 kwa jina la ada, mkononi zinamfikia 35,000, na baada ya siku 7 anadaiwa 50,000 kamili. Kwa juma moja amelipia zaidi ya asilimia 42 ya kile alichokipokea. Hiyo ni riba ya dhuluma, na Kanisa lilikwisha kuikemea tangu zamani. Papa Leo XIII aliitaja mwaka 1891 katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi. Lakini dhuluma ya riba tumeizoea kuisikia. Iliyo mpya ni ile inayofuata siku ya 8.

Siku hiyo ujumbe unatumwa kwa mwajiri wake, kwa mkwe wake, kwa mwalimu wa mtoto, kwa katekista, kwa mwenyekiti wa jumuiya: fulani ni tapeli, fulani amekuweka wewe kuwa mdhamini, mwambie alipe. Mara nyingine picha yake huambatanishwa. Jirani, ambaye alikuwa kimbilio lake, amegeuzwa kuwa fimbo ya kumchapia. Mkopeshaji hakuchukua kitanda wala cherehani. Amechukua watu.

Wakopeshaji wanajitetea: "Alikubali mwenyewe." Twauliza: alikubali nini? Majina 200 yaliyomo katika simu si mali yake hata ayaweke rehani. Mkwe hakuulizwa, wala katekista hakuulizwa. Mtu hawezi kuweka rehani shamba la jirani, sembuse jina la jirani. Wanasema tena kwamba deni sharti lilipwe. Ndiyo, lilipwe, hatumtetei mtu anayekopa akiwa na nia ya kukimbia. Lakini mdai mwenye haki huenda kwa mdaiwa, au kwa baraza, au mahakamani. Haendi sokoni kupiga mbiu.

Serikali hazikulala kabisa. Kenya ilitoa kanuni za mikopo ya kidijitali mwaka 2022, nazo zinakataza kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mkopaji. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa huko aliitoza kampuni moja faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kosa la namna hiyo. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ni vema. Lakini programu iliyofungwa leo yaweza kurudi kesho kwa jina jingine, na mama aliyekwisha kuaibishwa hasafishwi na tangazo la gazeti.

Sasa tugeukie nyumbani, maana hapa ndipo maneno yanapotuchoma. Kwa nini mama huyo alikwenda kwa simu, hali anasali Rozari kila juma pamoja na familia 12 za jumuiya yake? Aliogopa kusemwa. Aliona heri kumweleza shida yake mkopeshaji asiye na uso kuliko kuieleza jumuiya yenye masikio mengi. Tena ujumbe ule wa aibu ulipotufikia, wangapi wetu tuliufuta? Wangapi tuliupeleka mbele kwa wengine, tukiongeza na kicheko? Na sisi mapadre, tunaosoma mbele ya altare majina ya wasiomaliza zaka, au kuyabandika kwenye ubao wa matangazo, tuna kinywa gani cha kuwakemea wenye programu? Mbinu ni ileile. Wao wametutangulia kwa kasi tu.

Kwa hiyo tunadai mambo haya. Anayepokea ujumbe wa namna hiyo asiusambaze. Amwonyeshe mhusika peke yake, kwa faragha, ili uwe ushahidi wa kupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kiongozi wa walei amsindikize asiende peke yake. Kila jumuiya itenge mfuko mdogo wa dharura usio na riba, unaoshikwa na watu wawili wanaojua kunyamaza. Wenye VIKOBA tayari wanajua namna ya kuuendesha. Na ubao wa matangazo wa kila parokia ukaguliwe Jumamosi hii, kabla ya Misa ya kwanza ya Dominika, na orodha za majina ya wadaiwa ziondolewe.