Alirudi kumchukua mwenzake: somo la Chitete kwa watoto wetu

Novemba 14, 2018, karibu na Beni, mashariki mwa Kongo, walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Malawi na Tanzania walikuwa wakirudi nyuma huku waasi wa ADF wakiwamiminia risasi. Koplo Ali Khamis Omary, Mtanzania, alikuwa amejeruhiwa vibaya na hawezi kusogea.

Praiveti Chancy Chitete wa Malawi alimwona. Akamburuta hadi penye kinga na kuanza kumpa huduma ya kwanza. Hapo risasi ikampata yeye. Omary alinusurika, Chitete akafariki dunia.

Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, yenye jina la askari wa Senegal aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994, naye akauawa hukohuko. Lakini medali haimrudishi mtu nyumbani. Tanzania inalijua hilo tangu Desemba 7, 2017, askari wake walipouawa Semuliki.

Mtoto akisikia habari hii atauliza: "Kwa nini alirudi?" Mzazi, usiishie kumjibu kwamba alikuwa jasiri. Mwambie pia kwamba alijua la kufanya.

Karatu wanaelewa uzito wa jambo hilo. Mei 6, 2017, basi la wanafunzi wa Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni Rhotia, watoto zaidi ya 30 walifariki. Wageni wenye taaluma ya afya waliokuwa wakipita walisimama na kusaidia. Watoto watatu walipona.

Jioni hii mfundishe mwanao. Kwanza, atazame kama mahali ni salama. Chitete alikuwa askari, mtoto si askari, hivyo asikimbilie hatari bali apige kelele kuita mtu mzima. Pili, jeraha linalovuja damu nyingi aligandamize kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kuachia ili kuchungulia. Kikilowa, aongeze kingine juu yake. Tatu, kitu kilichozama mwilini asikichomoe; agandamize pembeni yake. Kisha majeruhi awahishwe hospitali.

Mfanyie zoezi kwa khanga na mkono wako mwenyewe, mara mbili au tatu. Kutoka vijiji vingi vya Ngorongoro hadi hospitali ni mbali, na damu haisubiri gari.