Orodha ya wateja ni mali, tusiigawe ovyo

KILA msimu wa maonyesho ya Nanenane unapowadia, wakulima humiminika katika viwanja vya Nzuguni jijini Dodoma, John Mwakangale jijini Mbeya, Themi jijini Arusha na kwingineko ili kujionea mbegu, zana na viuatilifu vipya. Katika mabanda mengi, kabla mkulima hajaondoka, huwekewa daftari la wageni aandike jina lake, anakotoka, namba ya simu na pengine hata ekari anazolima. Huandika bila kuuliza, kwa sababu aliyemtangulia ameandika, na kwa sababu kukataa kunaweza kuonekana ni kukosa adabu.

Ni wachache wanaojiuliza daftari lile huenda wapi maonyesho yakishafungwa.

Jibu huja lenyewe kwa njia ya simu. Mkulima aliyeuliza bei ya pampu ya maji huanza kupokea meseji za mikopo, bahati nasibu na bidhaa ambazo hakuziuliza, kutoka kwa watu asiowajua. Wakati mwingine huja ile meseji ambayo karibu kila Mtanzania mwenye simu anaifahamu, ya mtu anayemwambia ile hela aitume kwenye namba hii. Hatusemi kwamba meseji hizo zote zimetoka kwenye daftari la banda fulani, kwani matapeli wengi hubahatisha namba tu. Lakini mtu anayejua jina lako, kijiji chako na ulichonunua wiki iliyopita hana haja ya kubahatisha.

Daftari la maonyesho ni mfano mmojawapo. Duka la pembejeo huandika jina na namba ya mteja anayechukua mbolea kwa mkopo. Wakala wa fedha kwa njia ya simu huwa na daftari lake, na mara nyingi hulala wazi mezani ambapo kila anayekuja kutoa fedha anaweza kusoma nani katoa kiasi gani kabla yake. Chama cha ushirika kina orodha ya wanachama na kilo walizouza. Nyumba ya wageni ina kitabu chake. Kila mmoja wa hawa ana sababu ya haki ya kuandika. Tatizo huanza pale orodha iliyoandikwa kwa kazi moja inapotolewa nakala, ikapigwa picha au ikauzwa kwa kazi nyingine bila mwenye jina kuulizwa.

Wapo watakaosema kwamba namba ya simu si siri, na kwamba meseji ya tangazo haiui mtu. Gazeti hili linaona kuwa hoja hiyo haitazami hasara yenyewe ilipo.

Chukua mfano wa mkulima wa mahindi wa Mbozi aliyekopa mbolea mwezi Desemba. Orodha ya duka inaonyesha ana ekari ngapi, anadaiwa kiasi gani na anatakiwa kulipa lini. Dalali akiipata orodha hiyo, anajua kabla hajafika kijijini kwamba mkulima huyu lazima auze mara tu baada ya kuvuna, wakati bei iko chini. Mkulima atasema bei yake, lakini dalali atatulia tu, maana anajua shida iliyopo nyumbani. Kwa hiyo taarifa ile imehamisha fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na mwenye nayo hakujua kuwa ameitoa.

Mwenye duka naye asidhani yuko salama. Ofisa mauzo wa kampuni akija kumwomba orodha ya wateja wake ili "wapelekewe elimu", na yeye akaitoa kwa kupewa fulana mbili na kofia, amegawa mtaji alioujenga kwa miaka mingi. Msimu unaofuata kampuni hiyo inaweza kuwapigia wateja wale moja kwa moja na kuwapelekea mbolea hadi mlangoni. Muuza duka atabaki anashangaa wateja wamekwenda wapi.

Hatupingi biashara kuwa na kumbukumbu za wateja. Bwana shamba akiwa na namba za wakulima anaweza kuwatahadharisha juu ya viwavi jeshi kabla shamba halijaliwa. Muuza mbegu akijua nani alinunua mzigo fulani anaweza kumtafuta iwapo mbegu hizo zimegundulika kuwa na kasoro. Tofauti kati ya huduma na uvamizi ni mambo mawili: mteja aliambiwa taarifa zake ni za nini, naye akakubali.

Ndivyo sheria inavyotaka. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka, zisizidi zile zinazohitajika, na zisitumike kwa lengo jingine kinyume na lile la awali. Inampa pia mwananchi haki ya kuzuia taarifa zake zisitumike kwa matangazo ya biashara. Tume ya kusimamia sheria hiyo ilizinduliwa jijini Dodoma Aprili 2024, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwake.

Kwa majirani zetu wa Kenya, wenye sheria ya aina hiyo tangu mwaka 2019, makali yameshaonekana. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo alitangaza faini za jumla ya Sh9,375,000 za Kenya kwa kampuni ya mikopo ya simu, baa moja na shule moja. Hapa kwetu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Wengi wanakumbuka jinsi baadhi ya wakopeshaji wa mtandaoni walivyochukua namba zote kwenye simu ya mkopaji na kuwatangazia deni ndugu, majirani na hata wakwe zake.

Hata hivyo, sheria iliyoko Dodoma haitamfikia mama anayeuza mbegu gulioni kama hakuna atakayemweleza. Ni rai yetu kwa Tume kutumia maonyesho ya Nanenane, mikutano ya vyama vya ushirika na redio za mikoani kutoa elimu kwa lugha nyepesi, na kuwaeleza wafanyabiashara wadogo bayana nani anapaswa kujisajili na kwa utaratibu gani. Mfanyabiashara mdogo aelimishwe kwanza, na kampuni kubwa zinazonunua na kuuza orodha za watu ndizo zianze kubanwa.

Wakati huo huo, yapo ambayo hayangoji mtu wa Tume. Mwenye duka au wakala afunike daftari lake, amwandikie kila mteja karatasi yake, asiandike namba ya kitambulisho pale ambapo haihitajiki, na achane daftari la zamani badala ya kulifungia maandazi. Akiombwa orodha, jibu liwe kwamba atawauliza wateja wenyewe kwanza.

Mkulima naye ajifunze kuuliza swali moja kabla ya kushika kalamu: ya nini? Asipopata jibu la kueleweka, ana haki ya kuacha nafasi wazi. Meseji za kitapeli azitume kwenda namba 15040, na abonyeze *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wazee wetu waliweka amana kwa jirani bila maandishi, na aliyekula amana alijulikana kijiji kizima. Jina na namba ya mteja ni amana ya namna hiyo hiyo. Mfanyabiashara atakayeitunza hatahitaji kununua orodha ya mtu, kwa sababu wateja wake watampa wenyewe.