Daftari la Mwandishi na Siri za Mkimbizi

Mwandishi wa habari aingiapo Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro nchini Uganda, kuulizia upungufu wa chakula, aghalabu hupokewa kwa ukarimu mkubwa, na ukarimu huo ndio unitiao hofu. Kwani mama aliyeikimbia Kivu ya Kaskazini huko Kongo, akiisha kumkaribisha mgeni mkekani, huona ni utovu wa adabu kumnyima jibu, akataja jina lake kamili, na kijiji alichozaliwa, na nduguze waliosalia huko, hata akainua mbele ya kamera kadi yake ya mgao, nambari yake ikisomeka wazi.

Je, habari ya upungufu wa chakula yahitaji yote hayo? Hasha. Yatosha kusema ni mama wa watoto, mzaliwa wa Kongo. Ama jina la kijiji, likichapishwa leo mjini Mbarara, kesho litasomwa katika simu na wale wale aliowakimbia, nao wajua nduguze hulala wapi.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu yataka ridhaa, na yakataza kukusanya zaidi ya haja. Lakini ni ridhaa gani ya mtu adhaniye kwamba mwenye kalamu aweza kumwongezea mgao, au kumharakishia safari ya kuhamishiwa ng'ambo? Basi wahariri wa Mbarara, nasi tuandikao kutoka Bwizibwera, tuulizane kabla ya kuchapa kila jina lina kazi gani, na lisilo na kazi lifutwe hata daftarini, maana daftari huibwa na simu hupotea.