Mtoto Si Methali

Nimewasomea watoto hadithi kwa miaka mingi, Mbeya na Iringa, na jambo moja linanikera. Katika vitabu vya Kiswahili nilivyovipata, mtoto mwenye usonji hatajwi kwa hali yake. Huitwa zuzu, au bubu, au aliyerogwa. Huchekwa, huhurumiwa, kisha mwandishi anafunga kwa methali: hujafa hujaumbika.

Methali hiyo naipinga hapo. Inamwonya msomaji kwamba balaa lililompata mwenzake laweza kumpata na yeye kesho. Lakini usonji si ajali ya barabarani. Mtu huzaliwa nao. Hakuna mtu mzima atakayelala bila usonji akaamka nao. Kwa hiyo methali haimfundishi msomaji kitu, ila inamgeuza mtoto kinyago cha kuwatishia wenziwe.

Wengine watasema: basi tuige vya nje. Taratibu. Mwaka 2003 Mwingereza Mark Haddon alitoa The Curious Incident of the Dog in the Night-Time. Namsifu kwa kumwachia kijana wa miaka 15 asimulie mwenyewe. Lakini kijana yule ni bingwa wa hesabu, na msomaji aliyemzoea huanza kumdai kila mtoto wa namna hiyo kipaji, kana kwamba heshima hulipiwa. Asiye na kipaji je?

Afadhali Elle McNicoll, ambaye mwenyewe ana usonji. Katika A Kind of Spark, kilichotoka mwaka 2020, binti wa miaka 11 mwenye usonji anataka kijiji chake cha Uskoti kiwakumbuke wanawake waliouawa zamani kwa kuitwa wachawi. Anaijua jamii inayomwogopa asiyefanana nayo. Je, huku kwetu, ambako mama huulizwa ni nani amemroga mwanawe, hadithi hiyo ni ya kigeni?

Waandishi wetu, nipeni mtoto anayeziba masikio kelele za soko la Mwanjelwa zikizidi. Awe anataja vituo vya basi kwa mpangilio, Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, hadi Ipogolo, si kwa kuwa ana akili kupita wote, bali kwa kuwa anavipenda, kama mwenziwe apendavyo mpira. Akosee, agombane, apatane. Na katika ukurasa wa mwisho msimponye, maana hakuwa mgonjwa.