ESANSI NA ETERI SI MAJI: LULIMBA TUSINGOJE SANGE YETU



Pita hapa Lulimba siku ya soko. Chupa za esansi ziko juu ya meza. Hatua tatu kutoka pale, mama anakaanga mandazi ku mbabula. Pembeni, butiki inauza vile vikebe vya kupuliza, vyenye mashofere wanatumia kwa kudemarisha moteri ya mazutu ikikataa. Ndani ya vingi vya vikebe hivyo kuna eteri. Nani alituambia? Hakuna! Maandishi ni ya Kifaransa ao Kiingereza, madogo kama mayai ya chawa.

Basi tunasema sisi. Eteri inatengenezwa viwandani kwa alkoholi na asidi ya sulfuriki. Inayeyusha mafuta na nta. Tangu 1846 madaktari waliitumia kulaza wagonjwa kabla ya kuwapasua. Ni kitu cha maana, lakini inachemka kwa digrii 35 tu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa: haupandi, unatambaa chini mpaka kwenye mbabula, halafu moto unarudi nao mpaka ku chupa. Hata bila cheche, bomba la moteri lenye kupata moto sana linaweza kuuwasha. Esansi ni ndugu yake: mvuke wake unatambaa vilevile.

Mwenye kusema tunatisha watu, aulize Sange. Si mbali, ni jimbo letu hili, teritware ya Uvira. Tarehe 2/7/2010 lori la esansi lilianguka, mafuta yakamwagika, watu wakakimbia kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba ya video wakiangalia mupira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Moto haukuuliza nani alichota na nani hakuchota.

Wakubwa wanapenda kusema: ni ujinga wa watu. Sisi tunakataa! Mutu hachoti esansi kwa sababu ni mjinga, anachota kwa sababu bidoni moja ni chakula cha wiki. Na kijana anayeuza chupa barabarani si adui. Hakuna pompu, yeye ndiye pompu. Kumnyanganya chupa zake si usalama, ni kumuibia. Atarudi kesho, atajificha ndani ya nyumba ya udongo wenye watoto wanalala. Hapo hatari imeongezeka.

Ushuru wa soko unakatwa kila siku ya soko. Hatujaona hata ndoo moja ya mchanga ikinunuliwa na feza hizo.

Tunadai hivi:

1. Fasi moja ya kuuzia mafuta, mbali na mbabula, na wauzaji wapewe bila kulipishwa tena.
2. Mchanga na vizima moto vya unga pale pale. Maji yanasambaza moto wa esansi.
3. Kila butiki iandike kwa Kiswahili: HII INAWAKA, USIWEKE KARIBU NA MOTO NA JUA.

Na sisi wenyewe: tusivute sigara tukimimina, tusijaze tanki moteri ikizunguka, tusilale na bidoni chumbani. Lori likianguka, tukimbie mbali nalo, tuwavute na wadogo zetu.

Tutazunguka meza kwa meza kuyasema haya. Kiongozi mwenye masikio atukute sokoni.

Sange ilitosha!