Kikao cha jamaa kwanza, gereza baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wananchi wenzangu wanaodai kwamba uhalifu wa vijana umeletwa na sinema za kigeni, na kwamba dawa yake ni gereza tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Jambo hili si la taifa moja. Tangu karne ya 19, Mbelgiji Adolphe Quetelet alipochunguza hesabu za mahakama za Ufaransa, imejulikana kuwa makosa huongezeka ujanani, kisha hupungua mtu anapokomaa. Kinachotofautiana ni jinsi wakubwa wanavyomshughulikia kijana aliyekosa.

Katika miaka ya 1990 karibu majimbo yote ya Marekani yalirahisisha kuwapeleka vijana katika mahakama za watu wazima. Mwaka 2007 jopo la wataalamu wa nchi hiyo lilipima matokeo. Likakuta kwamba waliopelekwa huko walirudia ukatili zaidi kuliko wenzao waliobaki mahakama za watoto.

New Zealand ilishika njia nyingine. Sheria yake ya 1989, iliyochota katika desturi za Wamaori, iliweka kikao cha jamaa. Kijana, wazazi, ndugu, polisi na aliyekosewa huketi pamoja kuamua kijana ataombaje radhi, atalipa nini na atafanya kazi gani. Kesi za mauaji haziamuliwi hivyo.

Je, hilo ni geni kwetu? Wazee wetu walisuluhisha mengi barazani. Tena tangu 2009 tunayo Sheria ya Mtoto, iliyoweka Mahakama ya Watoto. Lakini mtoto akiiba kuku, bado wapo wanaokimbilia mawe. Na vijana wa Panya Road walipoitia hofu Dar es Salaam mwaka 2015, tulihesabu waliokamatwa; wachache waliuliza vijana hao waliacha shule lini, na nani aliwafuata.

Sisemi wahalifu wabembelezwe. Aliyeibiwa ana haki ya kulipwa, na mwizi akikaa gerezani tu hamlipi kitu.

Naomba viongozi wa vijiji na mitaa, pamoja na maofisa ustawi wa jamii, waanze na daftari la mahudhurio. Mtoto akitoweka darasani wiki mbili, wazazi waitwe kikaoni. Tusingoje aitwe na polisi.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa.