Mwisho wa The Last of Us: sifa zake ni za haki?

Mchezo wa video The Last of Us, uliotoka mwaka 2013, husifiwa sana kwa mwisho wake. Joel anaua daktari aliyetaka kumpasua Ellie ili apate dawa ya ugonjwa ulioangamiza dunia. Anamtoa msichana hospitalini, kisha anamdanganya kwamba madaktari wamekata tamaa. Ellie anamwomba aape. Anaapa. Mchezo unaisha.

Wengi wanasifu upendo wa Joel. Hapo wanakosea: Ellie hakuulizwa. Sifa inastahili jibu lake, neno moja tu la kukubali, huku uso ukionyesha shaka. Wazazi waliokimbilia Kama wanaujua uso huo. Ukisema « tutarudi kesho », mtoto mkubwa huitika vilevile, kisha huenda kuteka maji.